Mita Aliyoiacha Khatib

Betri ya gari ni nzito, na ukiitia kwenye kikapu ukaifunika kwa mchicha uzito wake haupungui. Mwamvua alishika mkono mmoja wa kikapu, binti yake Khairat akashika wa pili, wakapita vichochoro vya Kiponda asubuhi ile ya Jumatano, kila mmoja amepinda upande wake. Wanaume walikuwa bado msikitini. Ndiyo saa aliyoichagua Mwamvua makusudi, maana gari yao inakaa mtaa wa Malindi, mbele ya baraza la wanaume, na hakutaka hata mmoja amuone anafungua boneti na spana mkononi.

"Usiinamishe," alinong'ona. "Maji yake yanaunguza."

"Mama, mchicha unaanguka."

"Wache uanguke. Twende."

Walikuwa wamebakisha hatua chache kufika mlangoni. Lakini Bi Sichana, jirani wa nyumba ya mbele, alikwishaamka, na Bi Sichana akiamka baraza nalo limeamka. Alikuwa amekaa na kikombe chake cha chai, ushungi umelegea shingoni.

"Shikamoo Bi Sichana," Khairat akawahi.

"Marahaba mwanangu. Mchicha gani huo wa kubebwa na watu wawili kama jeneza?"

"Chini mna mihogo," alisema Mwamvua.

"Mihogo! Soko lishafunguliwa saa hizi?" Bi Sichana akanywa chai yake taratibu, jicho kwenye kikapu. "Haya, mwenyewe anakuja Ijumaa, lazima ale. Na nani atakwenda kumpokea uwanja wa ndege? Maana ile gari yenu imevishwa shuka, hata biharusi hafunikwi vile."

"Itavuliwa shuka Ijumaa inshallah."

"Itavuliwa, itavuliwa. Na itakwenda, au itasukumwa?" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanga. "Msinisahau basi, nami nije kusukuma."

Mwamvua alicheka pia, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka maneno, akasukuma mlango kwa bega.

*

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Khatib, mume wa Mwamvua, alikuwa fundi umeme wa magari, na aliondoka kwenda kufanya kazi Maskati Khairat akiwa bado mdogo wa kubebwa mkoba wa skuli. Sasa Khairat kamshinda mama yake urefu. Miaka yote hiyo Khatib alikuwa anakuja kwenye simu tu: uso mdogo kwenye kioo, nusu yake giza, unaganda mtandao ukikata. Mwamvua alikuwa akiuangalia uso ule ulioganda mpaka simu inazima yenyewe.

Na alikuwa na siri yake. Alijifunza kuendesha gari. Alikwenda darasa la udereva mchana, wakati watu wanadhani yuko kwenye kisomo cha kina mama, akapata leseni, akaificha chini ya nguo zake. Alichokitaka ni kimoja. Ijumaa Khatib atoke mlangoni uwanja wa ndege na begi lake, aangaze huku na huku kutafuta teksi, aione gari yake mwenyewe, na nyuma ya usukani amuone mkewe. Basi. Hakutaka jengine. Kila akipika, kila akikosha vyombo, alikuwa anamuona Khatib amesimama pale, mdomo wazi.

Lakini gari haikuwaka. Aliitia ufunguo mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ikamjibu kwa mlio mdogo kama mtu anayesafisha koo, ikanyamaza.

"Betri imelala," Fundi Abdulwahid wa gereji alimwambia Khairat aliyetumwa kwake. Akampa chaja ya kuazima na maneno ya kupeleka nyumbani. "Mwambie mama aichaji nje, uwani, penye hewa. Asije akaiweka ndani. Betri ikichajiwa inatoa gesi, huioni wala huinusi, na ile gesi inashika moto. Na ikimaliza asiiguse kwanza, aniite mimi nije niipime."

Khairat aliyafikisha maneno yote, hakupunguza hata moja. Mwamvua akatikisa kichwa.

"Uwani kunaangaliwa na dirisha la juu la nani?"

"La Bi Sichana."

"Ehe."

"Lakini Mama, fundi kasema..."

"Fundi anakaa Kiponda hii? Bi Sichana akiiona betri uwani, mpaka adhuhuri Malindi nzima wanajua gari haiwaki. Na Abdulwahid humu ndani haingii. Hebu nisikilize vizuri. Haingii."

Khairat aliishia hapo. Alikuwa anajua. Mwaka ule feni la ukumbini lilipoharibika, Abdulwahid alikuja kulitengeneza, mlango wazi, mtoto yupo, mama yupo, na bado maneno yalipanda ndege yakafika Maskati kabla feni halijazunguka. Khatib alipiga simu siku ile kwa sauti ambayo Mwamvua hakuwahi kuisikia. "Nani alikuja kwangu?" Si "nyumbani". "Kwangu." Mwamvua aliapa, akalia, akaapa tena, na Khatib akasema yameisha. Lakini tangu hapo hakuna fundi aliyevuka kizingiti. Bomba likivuja, linafungwa kitambaa.

Basi betri ikaingizwa ghalani, kile kijichumba cha chini ya ngazi kisichokuwa na dirisha wala tundu, panapokaa magunia na vyungu vya shughuli. Chaja ikatiwa kwenye umeme, taa yake nyekundu ikawaka. Mwamvua akafunga mlango, na chini ya mlango akaziba kwa kanga kuukuu, mlio wa chaja usisikike nje.

Mwenzangu unayesoma haya, kama una betri ndani ya nyumba yako, ondoka kwanza uende ukafungue mlango. Hadithi itakungoja.

*

Juu ya kabati la ukumbini palikuwa na vitu vya Khatib. Kofia yake ya viua. Kalamu. Saa iliyokufa. Na mita yake ya kupimia umeme, ile ya manjano yenye kioo cha tarakimu na nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Mwamvua alikuwa akifuta vumbi pale kila Ijumaa, na alikuwa anafuta kwa kuzunguka. Mita haikunyanyuliwa. Nyaya zilikuwa zimechomekwa vilevile, zimejikunja vilevile, kama mkono wake ulivyoziacha usiku wa kuamkia safari. Kuna wanaoweka shati lisilofuliwa. Yeye aliweka mita.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Khatib.

"Mke wangu."

"Naam."

"Kesho saa hizi niko angani."

Mwamvua alikaa chini palepale, mgongo kwenye ukuta. Hakutaka simu ikatike, basi akasema lililokuwa kichwani. "Hivi, betri ya gari ukitaka kuipima na ile mita, unaipimaje?"

"Unapima betri wewe?" Khatib akacheka.

"Khairat ana kazi ya skuli."

"Haya, mwambie." Na Khatib akaanza kueleza. Alieleza kama alivyokuwa akieleza zamani, pole pole, kwa raha, sauti ya mtu anayependa kazi yake. Alisema mambo ya matundu matatu chini ya mita, na alama ya V, na waya mwekundu, na kitu kingine cha ampea, na hapo akakaza sauti. "Hapo ndipo watu wanapoungua, umesikia?" Alisema kumi na mbili nukta sita ndiyo betri iliyoshiba. Alisema miwani. Alisema usiinamie.

Mwamvua alikuwa amefumba macho. Ilikuwa sauti ileile. Ilikuwa na mkwaruzo uleule mwishoni mwa maneno, ile "eeh" ndogo anayoitia katikati ya sentensi anapofikiri. Kwenye simu siku nyingine huzungumza ada ya skuli, umeme, nani kafa, nani kaoa, haraka haraka. Leo alikuwa anazungumza kama amekaa kwenye ngazi ya uwani, mikono ina girisi. Mwamvua aliifuata sauti ikipanda na kushuka, na maneno yenyewe yakampita.

"Umefahamu?"

"Nimefahamu," alisema. "Hebu sema tena."

"Nirudie?"

"Sema chochote."

Khatib akashusha sauti. "Mwamvua."

"Naam."

"Kesho."

Simu ilipokatika, alikumbuka "kesho". Alikumbuka kicheko. Na kwenye kumi na mbili nukta sita alikumbuka kumi na mbili.

*

"Kwani lazima tuipime?" Khairat aliuliza mchana ule. "Tuirudishe tu kwenye gari tujaribu."

"Tuibebe tena mpaka Malindi, tuifunge mbele ya baraza lile, nitie ufunguo, inikoholee? Wanaume wote wale?" Mwamvua aliishika mita kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. "Afadhali niaibike humu ndani kabla sijaaibika nje."

Khairat alikuwa ameangalia video ya kupima betri kwenye simu usiku uliopita, kwa sikio moja. Alizima chaja ukutani, akatoa vibanio vyake. Akaacha mlango wa ghala wazi.

"Wanasema tungoje hewa itoke. Na uvue bangili."

Mwamvua akavua bangili.

"Na uvae miwani. Nimekuletea ya jua ya Baba."

"Humu gizani nivae miwani ya jua? Nitaona nini?"

"Mama, wanasema."

"Niwekee hapo, nikiitaka nitaivaa. Hiki kidude kinazungushwa wapi?"

Khairat akazungusha kitufe mpaka penye ishirini, upande wa volti. Kioo kikawaka, sifuri. Msichana akainamisha kichwa kuangalia chini ya mita, nyaya zilipochomekwa. "Na haya matundu. Wanasema tuangalie kwanza nyaya zimechomekwa wapi, maana..."

"Zimechomekwa alipozichomeka baba yako."

"Lakini huu mwekundu..."

"Khairat! Baba yako kazi yake hii tangu wewe hujazaliwa. Baba yako hakosei kwenye mita." Na akaifumba mkononi, kama mtu anayezuia kitu kisiguswe.

Hapo hapo mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi humu! Wenyewe!" Bi Sichana. "Mwamvua! Mihogo ile mnaipika na mashine? Nasikia kitu kinanguruma humu tangu jana!"

Mama na mtoto wakatazamana.

"Nenda," Mwamvua alinong'ona. "Mweke palepale mlangoni. Mwambie naoga. Asipite."

"Ningoje basi, usipime peke yako."

"Nenda!"

Khairat akatoka mbio. Na Mwamvua, ili jirani asione hata kivuli, akauvuta mlango wa ghala ukafunga nyuma yake. Akawasha taa ya simu, akaisimamisha kwenye gunia. Miwani ilibaki nje, juu ya ngazi.

Alipiga magoti mbele ya betri. Huko nje alisikia, "Anaoga saa hizi?" na Khairat anajibu kitu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, lakini ulikuwa moyo wa furaha pia, kwani ikitoka kumi na mbili, kesho anaendesha. Mweusi kwenye hasi. Aliuweka. Akainama ili aione vizuri ile ncha ya chuma, akaugusisha mwekundu kwenye chanya.

Cheche ilikuwa ya buluu. Aliiona. Ndicho kitu cha mwisho alichokiona kwa macho mawili.

*

Mlio ule Kiponda waliusikia. Wengine walidhani mtungi wa gesi.

Aliyefika kwanza ghalani ni Bi Sichana, mguu mmoja na kiatu na mguu mmoja bila. Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe kwa kishindo. Betri ilikuwa imepasuka kichwani, na Mwamvua amekaa chini na viganja usoni, hapigi kelele, anasema kwa sauti ndogo, "Yanachoma, yanachoma, yanachoma."

"Toa mikono! Toa mikono, usisugue!" Bi Sichana alimkokota kwa kwapa mpaka uwani, akamlaza kichwa juu ya mapaja yake, akaanza kuchota maji pipani kwa kata na kumimina, kata baada ya kata, juu ya macho. "Khairat, mkimbilie Abdulwahid! Kimbia mwanangu!"

Abdulwahid alikuja anahema, akafika mlangoni, akasimama. "Hodi," alisema.

"Hodi ya nini wewe mwanamme!" Bi Sichana alipiga ukelele. "Ingia!"

Akaingia. Alipiga magoti upande wa pili. "Endelea kumimina. Mfungue kope, maji yaingie ndani. Usiache, hata akikataa usiache." Na alikuwa anakataa. Alikuwa anapiga miguu na kulia kuwa anazama, na Bi Sichana anamimina na yeye analia, na kanga zao wote wawili zimeloa na zimetoboka vitundu vitundu vya maji ya betri, na pipa likaisha wakaenda kuchota kwenye pipa la nyumba ya pili. Daktari alisema baadaye kwamba jicho lililopona lilipona pale uwani, kabla ya hospitali.

Walimtoa kwa miguu mpaka barabarani, Bi Sichana kamshika kushoto, Khairat kulia. Watu walitoka milangoni. Kichochoro chote kiliona. Mwamvua hakuona aliyemuona.

Jioni, wodini, macho yote mawili yamefungwa bandeji, alisikia kiti kinavutwa.

"Mimi Abdulwahid, dada."

"Gari haikuwaka," alisema Mwamvua.

"Wache gari." Fundi akasema kwa shida, kwa sauti ya chini. "Nimeiokota ile mita. Waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu la ampea. Tundu lile ukiligusisha kwenye betri moja kwa moja ni sawa na kuchukua kipande cha waya mtupu ukaunganisha chanya na hasi. Moto wote wa umeme unapita kwa mara moja, ndipo ikapiga cheche, na chumba kimejaa gesi. Ungekuwa tundu la V, mita ingesoma tu, hata kama ungegeuza nyaya ingeandika alama ya kutoa, basi. Nani aliyeuhamisha?"

"Hapana aliyeuhamisha."

Fundi alifahamu. Alisikika akivuta pumzi. "Basi Khatib mwenyewe. Atakuwa alipima moto unaovuja kwenye gari, huo unapimwa kwa ampea, na hakurudisha waya. Mafundi tunafanya sana. Tunasema nitarudisha kesho."

"Kesho alisafiri," alisema Mwamvua. Halafu akanyoosha mkono hewani, akitafuta. "Kaka Abdulwahid. Usimwambie."

*

Ijumaa Khatib alitoka mlangoni uwanja wa ndege na begi lake, akaangaza huku na huku, akachukua teksi.

Mwamvua alizisikia nyayo zake ukumbini mwa wodi na akazijua, ingawa viatu vilikuwa vigeni. Zilikuja mpaka kitandani zikasimama. Alisikia begi linatuliwa. Alisikia kwikwi za Khairat na nguo zinakumbatiana. Mwamvua alikaa na uso wake uliofungwa, ameutega upande ule.

"Mwamvua."

"Naam."

Hakuna aliyejua la kusema. Ndilo lililomuuma. Kwenye simu maneno hayakuwa yakiisha. Khatib akamshika kidole kimoja, kidole tu, kama anaogopa kuwa pengine napo pana kidonda.

"Nimepita nyumbani kwanza," alisema. "Nimeiona mita."

"Nilihamisha mimi," Mwamvua akasema haraka. "Nlikuwa nafuta vumbi, waya ukachomoka, nikauchomeka ovyo."

"Khairat kanambia kwenye simu, hata kuinyanyua ulikuwa hunyanyui."

"Mtoto huyo hajui."

"Nlipima gari usiku ule." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nakumbuka. Uliniita kula, nikaiweka juu ya kabati, nikaja kula."

"Ulikula wali wa nazi na changu," alisema Mwamvua.

"Eeh."

"Basi si ulikula? Yamekwisha."

Khatib akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bi Sichana alikuwepo pembeni na chupa yake ya uji. Khairat ndiye aliyemwambia baba yake kuhusu leseni, kwa sababu siri ile haikuwa na kazi tena. Khatib alisikika akisimama, akienda dirishani, akikaa huko kwa muda.

"Una muda gani?" Mwamvua alimuuliza aliporudi.

"Mwezi. Tiketi ni ya kwenda na kurudi."

"Mwezi mwingi," alisema Mwamvua.

Daktari wa macho, bibi mmoja mwenye sauti ya taratibu, alikuja baada ya sala. Aliomba pazia livutwe, taa ipunguzwe. Alianza na jicho la kulia. Bandeji ikatoka pole pole, pamba ikatoka, maji baridi yakapita, na Mwamvua akaambiwa afungue. Kwanza mwanga ulimpiga akafumba. Akafungua tena. Palikuwa na mawingu, na ndani ya mawingu palikuwa na mtu.

"Sogea," alisema.

Mtu akasogea. Alikuwa na ndevu nyeupe. Kwenye simu hazikuwa nyeupe. Kwenye simu palikuwa na giza, na kofia, na mtandao mbovu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Huyu alikuwa mzee kuliko yule aliyemngoja.

"Sogea tena."

Khatib akasogea mpaka pumzi zao zikakutana, mbele ya daktari, mbele ya mtoto wao, mbele ya Bi Sichana, na Mwamvua akaupitisha mkono kwenye ndevu zile nyeupe, hakujali nani anaangalia. Alimuangalia kama mtu anayekula baada ya kufunga.

"Nimezeeka," alisema Khatib.

"Umekuja," alisema Mwamvua.

Daktari aliwaacha kidogo. Halafu akasema sasa la kushoto, na akamuomba alifunike la kulia kwa kiganja. Bandeji ya pili ikatoka. Mwamvua akafungua jicho, akalikaza, akaligeuza kule alikojua mumewe amekaa.

"Unaona nini, Bi Mwamvua?"

"Weupe."

"Vidole vyangu?"

"Sivioni."

"Kivuli chochote? Mumeo yuko hapo mbele yako, unamuona?"

Mwamvua alisikia Khatib anajaribu kuzuia pumzi.

"Simuoni," alisema. "Nnajua tu yupo." Na kwa kuwa hakutaka mtu alie, akaongeza: "Nshazoea."